Kompyuta Iliyokuwa na Namba ya Simu

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, nirudi nyuma kidogo kwenye historia. Kisa chenyewe kilianzia ndani ya katoni ya sabuni.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Kisii. Baba mdogo alikuwa anaondoa vitu kwenye stoo ya duka lake la zamani. Lilikuwa duka la kupiga chapa, fotokopi, simu na faksi, la aina iliyojaa kila mji wa Kenya miaka ya tisini. Mimi nilipewa kazi ya kubeba katoni hadi kwenye mkokoteni. Katoni moja ikapasuka chini, vikaanguka vitu viwili: kisanduku cheusi chenye taa ndogo nyekundu mbele, na daftari la mazoezi la shule. Kisanduku kilikuwa modemu ya laini ya simu. Ndani ya daftari, kwa mwandiko wa baba mdogo, ukurasa wa kwanza ulikuwa hivi:

KUPIGA: AT&FX3S0=0S7=60
KUPOKEA MCHANA: S0=4
KUPOKEA USIKU: S0=1 M0
COM3 HAPANA!! COM2 NDIYO

Nina miaka 28 na nina digrii ya kompyuta. Hata hivyo sijawahi kuunganisha intaneti kwa kupiga simu, na katika miaka minne ya chuo hakuna mhadhiri aliyewahi kuandika AT ubaoni. Ningelitupa lile daftari kama si jambo moja: wakati huo nilikuwa nimeshindwa na pampu ya maji ya nyanya yangu kule Nyamira kwa miezi miwili, na mstari wa pili wa ukurasa ule ndio ulionitoa.

Nitaifikia pampu. Kwanza tuelewe kile kisanduku.

Mashine inayopiga mluzi

Laini ya simu ya zamani ilitengenezwa ibebe sauti ya mtu. Kompyuta haina sauti, ina moja na sifuri. Modemu inageuza moja na sifuri kuwa milio, inaituma kwenye waya, na modemu ya upande wa pili inaigeuza milio ile irudi kuwa moja na sifuri. Modemu ya Bell 103 ya kampuni ya AT&T ya Marekani, iliyotoka 1962, ilipitisha biti 300 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ukurasa mmoja wa maandishi ungekuchukua dakika nzima na zaidi.

Kwa muda mrefu AT&T haikuruhusu mtu achomeke kifaa cha kampuni nyingine kwenye laini zake. Mwaka 1968 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliamua kesi iliyoitwa Carterfone, na mlango ukaanza kufunguka. Lakini hata baada ya hapo, watumiaji wengi wa kompyuta ndogo walizungusha namba kwa mkono, wakisikia mluzi wanalaza mkono wa simu juu ya vikombe viwili vya mpira. Kompyuta haikuweza kupiga yenyewe, wala kupokea yenyewe. Binadamu ndiye aliyekuwa katikati.

Mwaka 1981 Dennis Hayes na mwenzake Dale Heatherington walitoa modemu iliyoitwa Smartmodem. Tatizo walilolitatua linapendeza sana kwa mtu wa programu. Kati ya kompyuta na modemu kuna waya mmoja tu wa data. Utaiambiaje modemu "piga namba hii" bila yenyewe kudhani hayo ni maneno ya kutuma upande wa pili? Jibu lao lilikuwa kuipa modemu hali mbili. Katika hali ya amri, kila mstari unaanza na herufi AT, kama mtu anayesema "sikiliza!" Baada ya kuunganishwa inaingia hali ya data na kila kitu kinapita. Ukitaka kuirudisha kwenye amri katikati ya simu unanyamaza sekunde moja, unaandika +++, unanyamaza sekunde nyingine. Ule ukimya ndio unaoonyesha kuwa si maandishi ya kawaida.

Amri zenyewe ni fupi kama meseji za vijana. ATD ni piga. ATA ni pokea. ATH ni kata. ATZ ni jisahaulishe uanze upya. Na kuna rejista, yaani visanduku vya namba vinavyoanza na S. S0 inasema modemu ipokee simu baada ya kengele ngapi. S7 inasema isubiri mlio wa mwenzake kwa sekunde ngapi kabla ya kukata tamaa.

Sasa soma tena ukurasa wa baba mdogo. Ghafla unaeleweka, sivyo?

Kupiga

Nilimkalisha baba mdogo kwenye kiti cha plastiki nikamwomba anieleze mstari kwa mstari. Alicheka sana kuona mtoto aliyesomea kompyuta anaulizia mambo ya "zile za kupiga kelele".

&F ni kurudisha mipangilio ya kiwandani. S0=0 ni usipokee simu yoyote, hii ni safari ya kwenda tu. S7=60 ni kwa sababu kupiga Nairobi kulichukua muda. Watoa huduma wa intaneti walikuwa na namba zao Nairobi na miji mingine mikubwa michache, kwa hiyo mtu wa Kisii alipiga simu ya masafa, na kila dakika aliyokaa kwenye intaneti ililipiwa mara mbili: kwa mtoa huduma, na kwa mwenye laini.

X3 ndiyo niliyoipenda zaidi. Kwa kawaida modemu hunyanyua laini, ikasikiliza ule mlio mrefu unaosema laini iko tayari, ndipo ikapiga. Mlio wa laini zetu haukuwa kama ule ambao watengenezaji wa Marekani waliutarajia, basi modemu nzima kabisa, kwenye laini nzima kabisa, ilikuandikia NO DIALTONE na kukaa. X3 inaiambia: usisubiri mlio, piga hivyo hivyo. Nusu ya modemu zilizoitwa mbovu, anasema, zilikosa X3 tu.

Mengine ni ya aina hiyo hiyo. ATDT hupiga kwa milio, ATDP hupiga kwa kukatakata laini kama simu za kuzungusha kidole, kwa ajili ya vituo vya simu vya zamani visivyoelewa milio. Alama ya mkato kwenye namba ni "pumzika kidogo", sekunde mbili kwa kawaida, kwa mfano ofisi ambayo lazima upige 9 kwanza upate laini ya nje.

Na COM3 HAPANA? Hapa nilishika kichwa, kwa sababu hili tulifundishwa kwa nadharia tu. Kompyuta za PC za zamani zilikuwa na poti za siriali zilizoitwa COM1 hadi COM4. Kila kifaa kinahitaji njia ya kumgusa prosesa begani na kusema "nina kitu chako", na njia hizo zina namba, zinaitwa IRQ. COM1 na COM3 zilitumia IRQ 4 zote mbili. COM2 na COM4 zilitumia IRQ 3. Modemu yake ya kwanza ilikuwa kadi ya ndani, ikakaa COM3. Mausi ilikuwa COM1. Ukigusa mausi simu inakatika! Alikaa wiki tatu akidhani laini ina maji. Kisha akanunua hii ya nje, akaichomeka COM2, mambo yakatulia.

Kwa wanaopenda undani: kulikuwa pia na suala la chipu ya poti yenyewe. Chipu za zamani za 8250 na 16450 zilikuwa na nafasi ya kuhifadhi baiti moja tu inayoingia. Prosesa ikichelewa kidogo, baiti ya pili inaifuta ya kwanza. Chipu ya 16550A ilikuwa na foleni ya baiti 16. Poti ikienda kwa biti 115,200 kwa sekunde zinaingia baiti zaidi ya 11,000 kila sekunde, kwa hiyo ile foleni fupi ndiyo ilikuwa tofauti kati ya faili nzima na faili bovu.

Kupokea

Kupiga ni nusu ya kazi. Duka la baba mdogo lilikuwa na laini moja tu. Laini hiyo hiyo ilikuwa ya wateja wanaopiga kuuliza kama kazi yao imekwisha, ya faksi zinazoingia, na ya intaneti. Modemu ikiwekwa S0=1, inadaka kila simu kwenye kengele ya kwanza. Mteja anapiga aulize vyeti vyake, anapigiwa mluzi sikioni. Mama mdogo ananisimulia kuwa mzee mmoja alikuja dukani na fimbo kuuliza ni nani aliyemzomea kwenye simu.

Ndiyo maana ya S0=4 mchana. Kengele nne zinampa mama mdogo nafasi ya kufika mezani. Akipokea na kusikia mtu, wanaongea. Akisikia mlio wa faksi, anaiamrisha kompyuta ATA na modemu inachukua. Asipokuwepo, modemu inachukua yenyewe. Usiku duka likifungwa ni S0=1, pamoja na M0 inayozima spika ili mlinzi asishtuke.

Na radi ikianza kunguruma, waya wa simu unachomolewa. Anayeijua Kisii na mvua zake za alasiri haitaji maelezo. Kwenye katoni ile kulikuwa na modemu nyingine mbili zilizoungua.

Lakini faksi haikuwa sababu kubwa ya S0=1 ya usiku. Sababu kubwa ilikuwa mwalimu mmoja wa Nyamira.

Mwalimu huyu alikuwa na kompyuta na modemu yake, na alikuwa anaandaa karatasi za mitihani ya majaribio. Baba mdogo ndiye aliyezichapa. Mwanzoni karatasi zilikuja kwa disketi ndani ya matatu. Disketi na vumbi havipatani, na mtihani unaosafiri mfukoni mwa utingo una hatari zake. Basi wakakubaliana. Usiku mwalimu anaiamuru modemu yake ipige namba ya duka, Kisii. Modemu ya Kisii inapokea kwenye kengele ya kwanza. Programu ya HyperTerminal, iliyokuja bure na Windows, inapokea faili kwa utaratibu wa Zmodem. Huo uliandikwa na Chuck Forsberg mwaka 1986, na uzuri wake ni kwamba laini ikikatika katikati, ukipiga tena unaendelea pale ulipoishia. Faili ya kilobaiti 100 kwa modemu ya biti 28,800 ilikuwa kazi ya kama nusu dakika. Asubuhi baba mdogo anafungua duka, mtihani umelala kwenye diski.

Hebu tulia hapo kidogo. Hakukuwa na mtoa huduma wa intaneti katikati. Hakukuwa na seva Ulaya. Hakukuwa na akaunti wala nenosiri la kampuni yoyote. Kompyuta ya Nyamira iliipigia kompyuta ya Kisii, na kompyuta ya Kisii ikapokea, kwa bei ya simu ya karibu. Kompyuta ile ilikuwa na namba, na aliyeijua namba aliweza kuifikia.

Mtandao wa wanaopigiana

Nilipoanza kusoma zaidi niligundua baba mdogo na mwalimu hawakuwa watu wa ajabu. Hivyo ndivyo barua pepe ilivyoingia Afrika Mashariki.

Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alianzisha FidoNet. Ni kompyuta za watu binafsi zenye modemu, zinazopigiana usiku wakati simu ni rahisi. Kila moja inakusanya barua, inazibana, inampigia jirani, inampa mzigo na kuchukua wake. Sharti la kuwa kituo kamili lilikuwa uweze kupigiwa. Kuna saa maalumu kila siku ambayo mashine yako lazima iwe wazi kupokea barua. Anayepiga tu bila kupigiwa hakuhesabiwa kituo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini Nairobi ilikuwa na kituo cha Fido kwenye shirika la mazingira la ELCI, kikiwahudumia watu wa mashirika yasiyo ya serikali, na barua zake zikipita London kwenye GreenNet ili kufika intaneti. Vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa na mradi wa ESANET kwa njia hiyo hiyo ya modemu na simu. Madaktari walikuwa na HealthNet. Hakuna aliyekuwa na intaneti ya moja kwa moja, lakini barua zilifika.

Kwenye mashine za Unix mtindo huu wa njia mbili uliandikwa hadi ndani ya majina ya vifaa. Linux ya zamani ilikuwa na majina mawili ya modemu moja: /dev/ttyS1 kwa simu zinazoingia na /dev/cua1 kwa simu zinazotoka. Programu inayongoja simu ililala kwenye jina la kwanza hadi modemu iseme kuna mtu. Wakati huo programu nyingine iliweza kuingia kwa jina la pili na kupiga nje. Kisha Gert Doering aliandika mgetty, ambayo ilikuwa na akili zaidi: inasikiliza neno RING kutoka kwa modemu, inatuma ATA yenyewe, inatambua kama ni faksi au data. Mtu mwingine akitaka kupiga nje, anaweka faili ya kufuli, na mgetty inamheshimu. Majina ya cua yaliachwa kernel ilipofika matoleo ya 2.2 na 2.4. Nilipolieleza hili kwa baba mdogo alisema, "Hiyo ni mimi na mama yako mdogo tukigombea simu." Ni kweli kabisa.

Mlango unageuka kuwa wa upande mmoja

Mwaka 1995 ARCC, kituo kilichoongozwa na Shem Ochuodho, kilianza kutoa huduma ya intaneti Nairobi, na kampuni za biashara zikafuata. Sasa mchoro ukabadilika. Wewe unapiga, mtoa huduma anapokea. Yeye hakupigii kamwe. Modemu nyingi zilizonunuliwa baada ya hapo hazikuwahi kupokea hata simu moja.

Hata mwendo wenyewe ulianza kupendelea upande mmoja. Mwaka 1998 ulitoka utaratibu wa V.90, ile modemu iliyotangazwa kuwa ya 56K. Biti 56,000 zilipatikana kwa kupakua tu, na ilibidi upande wa mtoa huduma uwe umeunganishwa kidijitali kwenye kituo cha simu. Kupakia kulikuwa biti 33,600. Na modemu mbili za nyumbani zikipigiana, kama ya mwalimu na ya baba mdogo, hazikuvuka 33,600 hata zote zikiwa zimeandikwa 56K kwenye boksi.

Hata watoa huduma wenyewe hawakuruhusiwa kufikiana moja kwa moja. Mwaka 1998 lilizinduliwa Jambonet, ambalo Telkom Kenya ililirithi KPTC ilipogawanywa 1999, na likawa ndilo lango pekee halali la kwenda nje. Barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili za Nairobi iliweza kwenda nje ya nchi kwa setilaiti na kurudi. Novemba 2000 watoa huduma walifungua kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili barua ya jirani iende kwa jirani. Telkom ililalamika, na baada ya kama wiki mbili tume ya mawasiliano ikakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya mapambano ya kisheria. Nikikisoma kisa hicho namwona mwalimu wa Nyamira: ugomvi mzima ulikuwa juu ya haki ya kumfikia jirani bila kuzungukia kwa mkubwa.

Kisha zikaja simu za mkononi, Kencell na Safaricom mwaka 2000. Laini za waya za nchi nzima zilikuwa kama laki tatu tu, na ndani ya miaka michache simu za mkononi zikazipita mbali. Nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa 2009. Sitaki mtu adhani ninalilia modemu. Mimi mwenyewe najipatia riziki kwa sababu ya nyaya hizo. Kilobaiti 100 leo hata huzioni zikipita.

Ila kuna kitu kilibaki nyuma. Anwani za IP za toleo la nne zilikuwa kidogo zaidi ya bilioni nne tu, na bohari kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Mitandao mingi ya simu sasa huwapa wateja anwani za ndani, zinazoanza kwa mfano na 10 au 100.64, na wateja wengi wanatoka nje kupitia anwani moja ya pamoja. Ukianza wewe mazungumzo, jibu linarudi vizuri. Mtu wa nje akianza, hana mlango wa kubisha. Simu yako ina nguvu za kompyuta mia za baba mdogo, na kwa upande wa data haiwezi kupigiwa.

Pampu ya Nyamira

Sasa pampu. Nyanya yangu, magokoro kama tunavyomwita, anakaa Nyamira kwenye mteremko wa majani chai. Maji yako bondeni, tangi liko juu nyumbani. Swichi ya pampu iko bondeni. Aprili mwaka jana, mvua ikiwa imeloesha njia, aliteleza akienda kuiwasha na kuumia goti. Nikaapa hatashuka tena.

Nilitengeneza kijikompyuta chenye moduli ya SIM na swichi ya umeme. Mpango: mtu yeyote wa familia aingie kwenye ukurasa, abonyeze, pampu iwake. Nikagonga ukuta ule ule. Anwani ya pampu ilianza na 10, na hakuna aliyeweza kuifikia kutoka nje. Nikafanya kama wafanyavyo wengi: nikakodi seva ng'ambo, pampu ikawa inaishikilia mazungumzo na seva saa zote. Ilifanya kazi. Kisha bando likaisha nikiwa safarini, na nyanya, ambaye tulimwambia asishuke, akakaa bila maji siku mbili. Halafu akashuka.

Nilikuwa bado nalitafakari hilo nilipofungua daftari. KUPOKEA. S0. Nikajiuliza: moduli yangu ya SIM ina namba ya simu. Je, inaelewa AT?

Jamani, inaelewa! Lugha ya Hayes haikufa. Wenye viwango vya GSM waliichukua katika miaka ya tisini wakaiongezea amri zao, na leo iko kwenye waraka wa 3GPP wenye namba 27.007. Moduli ya SIM, ile modemu ndogo ya USB uliyowahi kuchomeka kwenye laptopu, hata modemu iliyo ndani ya simu nyingi, ukiiandikia AT inakujibu OK. Kampuni ya Hayes yenyewe ilifilisika na kufungwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Lugha yake iko mfukoni mwako.

Nikafuta ukurasa, nikafuta seva, nikaandika hivi:

AT
ATS0=0
AT+CLIP=1

S0=0, usipokee mwenyewe. CLIP=1, nionyeshe namba ya anayepiga. Nyanya akiflashi namba ya pampu kwa kabambe yake, moduli inaandika RING, halafu +CLIP na namba. Programu yangu inalinganisha na orodha ya namba za familia. Ikiwemo, inatuma ATH kukata, kisha inawasha pampu. Simu haikupokelewa, kwa hiyo hakuna kredo iliyotumika hata senti.

Tangi likijaa, kielea kinagusa swichi, pampu inazimwa, na moduli inafanya zamu yake: ATD na namba ya nyanya, alama ya nukta mkato mwisho kuonyesha ni simu ya sauti, inaacha ilie mara mbili, ATH. Nyanya anaona pampu imemflashi. Anajua maji yamejaa. Kupiga na kupokea, kama daftari lilivyosema.

Tahadhari kwa atakayeiga. Namba ya anayepiga inaweza kughushiwa, kwa hiyo usifungue mlango wa nyumba kwa njia hii. Wazee wa modemu walilijua tatizo hilo: mashine zenye siri zilipokea simu, zikakata, kisha zikapiga zenyewe namba zilizoandikwa kwenye orodha. Anayeghushi namba hapati simu ya kurudishiwa. Kwangu, atakayefanikiwa kughushi atakuwa amemjazia nyanya tangi, na kielea kitaizima. Pia weka kikomo cha muda, ili kielea kikikwama pampu isikauke ikiwa inazunguka.

Pampu imefanya kazi miezi sita sasa bila bando. Nyanya ameihifadhi kwenye simu kwa jina Amache, yaani maji kwa Ekegusii, na jirani zake wawili wameomba yao.

Funzo nililobaki nalo ni dogo. Sisi tunaotengeneza vitu siku hizi tunauliza kitapakua kwa kasi gani, kitatumia bando kiasi gani. Tuulize pia: je, kinaweza kupigiwa? Ikiwa hakiwezi, basi kuna mtu katikati, na siku akiondoka au bando likiisha, nyanya wa mtu atashuka bondeni kwenye matope. Baba mdogo na mwalimu walilijua jibu la swali hilo kwa modemu na daftari la mazoezi.

Modemu nimeiweka mezani kwangu. Haina laini ya kuichomeka tena, lakini niliiunganisha na laptopu kwa waya wa siriali, nikaandika AT. Taa moja ikawaka. Ikajibu OK.